Mama Yuko Katikati

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uwagawie wifi na watoto. Waambie shangazi yao anawakumbuka, hata kama sauti yake hawaijui vizuri. Natumai mafua yamekwisha na maumivu ya mgongo yamekuachia. Huku tupo. Mama anakula, analala, na choo anapata bila shida. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na leo sitaandika "kidogo tu" kama nilivyozoea. Nimechoka hoi.

Nakuandikia mchana huu mama akiwa amelala. Mbele yangu kuna suruali za wateja zinazongoja kupindwa, na cherehani inanikatia uzi tangu asubuhi. Acha zingoje, hazitaoza. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe una haraka na mimi nina aibu, basi tunaishia kuulizana habari za mvua.

Nilipokwambia kwamba nasoma Kiingereza jioni, ulicheka ukaniuliza kwa umri huu nakwenda kumhutubia nani. Nikajibu kuwa ni masomo ya kupotezea muda tu. Ngoja nikusimulie hayo masomo. Darasa liko ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira inapanda mpaka kwenye ubao. Mwalimu wetu ni mzee mstaafu, mwembamba, tunayemwita Mwalimu Katikati, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Anasema Waingereza wana vitenzi vya maneno mawili, kama "wake up", yaani kuamsha, au "pick up", yaani kuinua. Ukikitaja kitu kwa jina lake, waweza kukiweka katikati au mwishoni, hakuna atakayekugombeza. Lakini ukishaliacha jina ukasema "it" au "her", yaani hicho au huyo, basi hako kaneno hakana ruhusa ya kukaa nyuma. Ni lazima kaingie katikati: "pick it up", "wake her up". Anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, katikati, katikati, mpaka chaki inadondoka. Yupo dereva mmoja wa lori ambaye kila akitaka kuzima injini yake anaibandika "it" nyuma kabisa, na mwalimu anafumba macho kama mtu aliyeuma ndimu.

Mimi hilo halikunisumbua. Sisi tukisema namwamsha, namwinua, huyo mtu tumeshamkalisha tumboni mwa neno. Nilimweleza mwalimu hivyo, akafurahi, na tangu siku hiyo mwenzangu akikwama nainuliwa mimi kuwa mfano. Nikavimba kichwa kidogo, sikufichi.

Taabu ilianza tulipoambiwa kila mmoja atunge sentensi za kazi anazofanya tangu anapoamka. Dereva alitaja injini, taa na mizigo. Binti wa saluni alitaja nywele za watu. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema namwamsha, "I wake her up"; namwinua, "I pick her up"; namsafisha, "I clean her up"; namlaza, "I put her down". Nikaendelea, nadhani kwa muda mrefu, maana siku yangu ndiyo hiyo. Wenzangu walianza kucheka kwa sababu kila sentensi ilikuwa na huyo huyo ndani yake, kisha wakaacha kucheka. Mwalimu akaniuliza taratibu huyo ni nani. Nikasema ni mama. Akauliza kama sina hata sentensi moja ambayo mimi ndiye niliye katikati, mtu ananiamsha, mtu ananichukua, mtu ananisaidia. Nikatafuta, kaka, nikiwa nimesimama pale mbele za watu, nikakosa. Nikakaa, nikajifanya naokota kalamu.

Tangu hapo mazoezi nayafanyia nyumbani. Nikimwinua mama namwambia kwa Kiingereza, nikimlaza namwambia pia. Na yeye, ambaye hakumbuki kama amekula, amelishika neno "up". Nikilitamka tu ananyoosha mikono juu, akingoja nimshike kiunoni. Jirani anayekaa naye nikiwa darasani alicheka mpaka akatoa machozi, akasema bibi sasa amekuwa mzungu. Tulicheka wote watatu. Nakueleza haya usije ukadhani huku ni kilio mwanzo mwisho.

Ila mwili hauna utani. Mama si mnene, lakini tangu apate kiharusi hajui kunisaidia, na uzito wake wote unaniangukia mimi. Bega langu la kulia halipandi tena. Nguo naanika kwa mkono mmoja. Najikaza kisabuni. Ulipokuja mara ya mwisho uliingia ukatoka kama mtu aliyekuja kusoma mita, ukasema mama ananawiri, ukaacha mfuko wa matunda mezani. Sikukuchukia. Nilitamani tu ungekaa hadi wakati wa kumwogesha.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Masomo hayakuwa ya kupotezea muda. Yalikuwa ya mtihani, na mtihani nimefaulu. Ipo nyumba ya kutunzia wazee, nchi ya mbali, wanatafuta watu wa kuwaogesha na kuwageuza vitandani, nao wamenikubali. Najua utakachosema, kwamba namwacha mama yangu nikawainue mama za watu. Nimeshajisema mwenyewe kabla yako, tena kwa maneno makali zaidi. Lakini kule kazi ina zamu. Zamu yako ikiisha anaingia mwingine, na wewe unakwenda kulala. Hapa wa kuingia hajafika. Nimemngoja, na unajua nimemngoja nani.

Jumamosi namleta mama kwako. Gari nimeshakodi. Siombi, kaka, naarifu. Mwambie wifi uamuzi ni wangu, asikukasirikie wewe. Nitakaa kwenu siku chache nikuonyeshe namna ya kumshika, na nitakayemwonyesha ni wewe, si wifi wala si msichana wa kazi. Nina sababu.

Hiyo sababu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote kuiandika. Mama hanijui tena. Ninapomwogesha ananipapasa uso kwa mkono wenye povu, anashukuru, ananiita kwa jina lako. Anasema alijua tangu zamani kwamba mwanawe wa kwanza hatamtupa. Mwanzoni nilimsahihisha, nikamwambia ni mimi, kitinda mimba wake. Akaingiwa na hofu, akauliza wewe uko wapi, akalia mpaka akakataa chakula. Basi nikaacha. Sasa akiita jina lako, naitika mimi. Baraka zote anazozitoa pale kwenye beseni, anakubariki wewe. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Nimekuitikia vya kutosha, kaka. Jumamosi akiita, itika mwenyewe.

Nisalimie wifi na watoto, na Mungu awatunze wote hadi tutakapoonana.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho,
Kitinda