Ronnie wa Watu Wote

Dada Lorraine,

Theluji imeanza mapema, goti langu halijambo. Ijumaa nilikwenda kula samaki kwenye baa ya Stosh, nikakuta watu wa mji wetu wenyewe wakimsifu Ronnie Dvorchak, yule kwotabeki, mrushaji mpira wa timu pinzani, aliyetunyanyasa miaka yote.

"Yule alijua kurusha mpira, bwana. Kwani kwetu alikuwa anarusha nani vile?"

Hakuna aliyekumbuka. Nami nimekaa katikati yao, namtafuna samaki kama ndiye Ronnie.

Mwishowe Stosh akaniambia, "Walt, si ulikuwepo? Hebu tusimulie Ronnie alivyokuwa."

Nikawasimulia, dada. Nilimsifu mpaka wakanipigia makofi. Nilipovaa jezi ya mji wetu na kuwarushia mpira mimi mwenyewe, hawakunipigia hata siku moja.

Mdogo wako,
Walt