Usingizi juu ya bafle

Alhamisi. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika asubuhi, na tangu hapo Kasongo yote imekaa chini ya mawingu yasiyojua yanataka nini. Ninaandika kwenye simu, polepole, kwa kidole kimoja. Binti yangu Zaina amelala nyuma yangu, amefunikwa vitenge viwili vya mama yake. Kila baada ya mistari michache ninageuka kumtazama kifua.

Anapumua.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa sono, mwenye vyombo vya muziki vya kukodisha. Harusi, ubatizo, matanga, sherehe za waliofaulu mitihani: ukitaka mtaa wa tatu ujue kwamba kwako kuna shughuli, unanitafuta mimi. Nina jenereta moja inayokohoa kuliko mzee wa tumbaku, na bafle mbili, yaani zile spika kubwa zinazomfikia mtu kifuani. Wazee husema kazi mbaya si mchezo mwema. Yangu nilidhani ni kazi na mchezo pamoja, nikajiona mjanja.

Ninakula zaidi kwenye matanga. Kwetu Waislamu msibani hakuna muziki, na shangazi zangu hunitania kwamba riziki yangu iko kwa jirani Mkristo. Ni kweli. Siku hizi familia ikiomboleza bila sono, watu wanaanza kuulizana kama marehemu hakuwa na watoto. Kwa hiyo sono inakuja, jenereta inawashwa, na mtaa mzima haulali mpaka kuche: wagonjwa, wenye watoto wachanga, walimu wenye darasa asubuhi. Hakuna anayelalamika. Nani atapeleka malalamiko kwa mfiwa?

Niliwahi kumwona mjane ameziba masikio kwa mikono yake miwili. Nilidhani analia. Nikaongeza sauti ili apate kulia bila aibu.

Sasa nieleze ujinga wetu sisi watu wa sono, maana sijui kama kuna kwingine wanakofanya hivi. Ndani ya bafle mna sumaku na waya wa shaba, na wezi wa vitu hivyo hawaheshimu maiti. Waombolezaji wakishajilaza kwenye mikeka, muziki ukiendelea, mwenye sono hulala ameegemeza kichwa kwenye bafle yake. Mtu akiisogeza tu, unaamka. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo. Tulikuwa tukijisifu: asiyeweza kulala juu ya bafle inayounguruma si mtu wa sono, akauze karanga. Mimi niliweza. Nililala vizuri kuliko nyumbani, mifupa ya uso ikitetemeka, nikaona raha.

Hakuna aliyewahi kuniibia bafle.

Kwanza ziliniacha sauti za ndege. Sikuona ajabu, nani ana haja na ndege. Kisha ikaja filimbi, nyembamba, ndani ya kichwa, haipumziki hata nikila. Nyumba ikitulia ndipo inapopanda, kwa hiyo nikawa siwezi kulala bila redio. Kisha zikaanza kupotea sauti za wanawake, na za watoto zikafuata. Wanaume wenye sauti nzito ninawasikia bado, wakiwa karibu. Wengine ninawaona wanatafuna hewa. Nikajifunza kucheka wengine wakicheka, na kusema ndiyo pale mtu anapoinua nyusi. Ukisema ndiyo kwa watu wengi, wanakuona mpole.

Kuna jambo moja kuhusu simu ambalo sijamwambia mtu. Zamani watu walikuwa wanaandika. Siku hizi wote, hata mwalimu, wanatuma ujumbe wa sauti, kwa sababu vidole vinachoka. Binamu yangu wa Kabambare alinitumia mmoja. Kule mtandao ni wa kubahatisha, mtu hupanda kilima kuutafuta, na yeye alipanda kilima. Nilibandika simu sikioni, nikasikia mngurumo tu, nikamrudishia kidole gumba. Baadaye dereva wa pikipiki aliyetoka huko akanipa pole. Binamu alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza.

Tangu hapo hajanitumia kitu, wala mimi sijaweza kumweleza. Ningeanzia wapi?

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye zahanati kwa siri. Nilimwambia Asha, mke wangu, kwamba ninakwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Muuguzi ni mwanaume mwenye sauti ya pipa, nikamshukuru Mungu. Alisugua vidole vyake karibu na sikio langu la kushoto, akahamia la kulia, akaniuliza ninasikia nini. Nikamwuliza kama ameanza. Akaniuliza kazi yangu, na nilipomweleza habari ya kulala juu ya bafle aliweka kalamu chini.

"Ile ilishakufa, ilishakufa," alisema. "Tuchunge ile yenye inabakia. Uachane na hii kazi, papa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeisikia methali hii maisha yangu yote nikidhani inawasema wakaidi. Kumbe mimi ni mkaidi, na sikio ni langu.

Sikuacha. Nilirudi nyumbani nikapokea kazi nyingine, harusi ya Jumamosi kule Lusangi, ya kijana aliyebahatika kwenye machimbo na anayetaka kila mtu ajue. Nilijiambia nitaweka pamba. Nilijiambia tena kwamba Asha asijue kitu, kwa sababu mwanamke akijua mume wake anaharibika huanza kumhurumia, na huruma ya mke sikuitaka. Juzi Asha alikwenda Nyangwe kununua samaki wa kuuza, kama anavyofanya kila mara. Mimi nikabaki na mtoto. Zaina ana miaka minne, mtoto mtulivu, hasumbui. Nimekuwa nikijivuna kwa watu kwamba binti yangu hana makelele.

Nyuma ya nyumba yetu kuna shimo tulilochimba udongo wa matofali tulipojenga. Kila kiwanja cha mtaa huu kina lake. Kila kiangazi ninasema nitalifukia, na kila msimu wa mvua linajaa maji, bata wa jirani wanaogelea, tunalizoea kama kitu kilichoumbwa hapo. Leo mvua ilipokatika nilikaa kwenye baraza ya nyuma kufunga upya waya za bafle kwa ajili ya Lusangi. Shimo lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, si mbali, ungeweza kurusha kiatu kikaangukia ndani. Zaina alikuwa anacheza na kopo lake. Nilimwona anapita. Nikainama tena kwenye waya.

Nilikuwa ninaimba, nadhani. Huwa ninaimba nikifunga waya.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni matone kwenye saruji mbele ya miguu yangu. Nikainua macho. Mama Furaha, jirani yetu, alikuwa amesimama, kitenge kimelowa mpaka kiunoni na kimejaa tope, na mikononi mwake alikuwa na mwanangu. Uzio wa miti kati ya nyumba zetu ulikuwa umelala chini. Zaina alikuwa anatapika maji yenye rangi ya chai, macho yamemtoka.

Mama Furaha ni mwimbaji wa kanisa lao, yuko upande wa sauti nzito, na hasira ilimwongezea. Nilimsikia vizuri.

"Baba Zaina, weye iko na nini? Mutoto iko nakufa mu maji, weye iko nafunga nyuzi?"

Nilimpokea mtoto, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka Mama Furaha akanizuia, akamlaza kifudifudi kwenye goti lake na kumpiga mgongoni. Kisha akampeleka kwenye moto wake, akamvua nguo, akamsugua mafuta. Mimi niliwafuata nyuma kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Mchana wote nilikaa na picha moja. Mwanangu ndani ya maji, anaita baba, baba, na huyo baba anaonekana kabisa, mgongo wake uko pale pale, anatikisa kichwa na wimbo wake. Niliwaza aliniita mara ngapi kabla ya kukata tamaa. Niliwaza alidhani nini kuhusu mimi. Niliitazama bafle ile na waya zake zilizofungwa vizuri nikatamani kuipiga shoka, halafu nikakumbuka ndiyo iliyonunua mabati yaliyo juu ya kichwa cha Zaina. Hata hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

Jioni Mama Furaha alikuja na uji. Hasira ilikuwa imempungua, lakini bado alikuwa na swali, niliona. Alikaa kitandani karibu na Zaina, akamlisha vijiko vichache, kisha akamwuliza kwa sauti niliyoisikia nusu, kwa nini hakumwita baba yake, na baba alikuwa karibu vile.

Zaina akajibu. Niliona mdomo wake mdogo unakwenda, maneno mengi, bila wasiwasi, kama anaeleza mchezo. Sikupata hata moja.

Mama Furaha aliacha kijiko ndani ya bakuli. Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akaniangalia tena.

Nikamwuliza amesema nini. Akasema maneno ya watoto tu, niachane nayo. Nikamwuliza tena. Aliinuka akaja kunisimamia mbele, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani akasema nami polepole, neno kwa neno, kama mtu anavyosema na mgeni asiyejua lugha.

"Anasema hakukuita. Anasema aliniita miye. Mama yake alimufundisha, baba hasikiake, kama unamutaka umuguse. Na pale hakuweza kukugusa."

Kisha akamfunika mtoto, akachukua bakuli lake, akaondoka.

Kwa hiyo hakukuwa na baba, baba. Hakuniita hata mara moja. Mtoto wa miaka minne, maji yakimfika shingoni, alifikiri nani anaweza kumsikia, na katika watu wawili waliokuwa karibu akamchagua yule aliyekuwa ng'ambo ya uzio. Alifikiri sawasawa. Angeniita mimi, saa hizi matanga yangekuwa kwangu, na hayo bila sono.

Na Asha anajua.

Nimekaa na hili tangu jua lizame. Sasa ninaona alichokuwa akifanya Asha mwaka huu wote. Hanipi tena chakula kwa kuniita, anakuja kunishika bega. Wageni wakija anakaa upande wangu wa kulia, na swali likiulizwa analirudia kwa sauti ya chini na nzito kana kwamba ndiyo kwanza analifikiria, halafu mimi ninalijibu, na watu wanaona mume ana akili. Redio ikiwaka usiku kucha hasemi kitu. Nilidhani ni mapenzi, mwaka wa saba wa ndoa, nikashangaa na kushukuru. Labda ni mapenzi kweli. Lakini mimi nilikuwa ninamficha kitu, na yeye alikuwa anamfundisha mtoto namna ya kuishi nacho. Nyumba nzima ilikuwa inanyata kuzunguka masikio yangu, na mimi ndani nikijiona hodari.

Zaina si mtoto mtulivu. Aliacha kupoteza sauti yake bure kwangu, basi.

Jioni hii nimewaandikia watu wa Lusangi watafute sono nyingine. Sijui tutakula nini mwezi ujao. Sijui pia kama nitalishika neno hili, maana ninajijua, na matanga hayaishi katika mji huu. Mtu atakuja hapa na macho mekundu kuniomba, nami nitasema ndiyo kwa sababu nimezoea kusema ndiyo. Lakini shimo nitalifukia kesho, mvua inyeshe isinyeshe. Hilo halihitaji masikio, linahitaji koleo.

Asha atafika kesho mchana na samaki wake. Uzio ulioanguka atauona kabla hajanisalimu, na Mama Furaha atakuwa tayari amesimama njiani kumngoja. Sitajitetea. Nitamwuliza jambo moja tu, amejua tangu lini.

Kisha itabidi nimtazame mdomo, niweze kupata jibu.