Ukuta Niliounyoosha Pichani

Old Kampala,
Jumanne, asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa Ramadhani,

Assalamu alaykum. Barua yako ya kabla ya mfungo niliipata, na ya pili niliipata pia, na zote mbili sikuzijibu. Naomba radhi. Nilikufundisha mwenyewe, ulipokuwa mtoto, kwamba barua ya ndugu hailali wiki mbili bila jibu. Leo mwalimu ndiye mkosaji. Sikuwa mgonjwa. Kila nilipoketi kuandika niliishia kwenye salamu, nikaichana karatasi. Kupiga simu sikutaka, kwa sababu hofu ungeisikia mara moja katika sauti yangu.

Presha yako je, imetulia? Dawa unakunywa kila siku, au unangoja mpaka kichwa kikuume? Wifi yangu nimesikia anatembea tena bila mkongojo, nikamshukuru Mungu.

Sasa nikueleze. Nyumba ninayoishi unaikumbuka: duka la zamani la Wahindi, studio yangu ya picha ikiwa mbele na chumba changu katikati. Chumba cha nyuma anakaa Mama Furaha, mshonaji aliyetoka Bukavu, pamoja na wanawe watatu. Baada ya sikukuu, kiwanja cha jirani kilizungushiwa mabati, katapila likaingia, wakaanza kuchimba msingi wa ghorofa. Shimo sasa limekwenda chini kiasi kwamba paa la katapila liko chini ya nyayo zangu. Kati ya ukuta wetu na mabati yale umebaki ujia wa hatua mbili tu.

Ufa wa kwanza ulianzia juu kabisa, chini ya paa, mwembamba kama unywele. Leo kalamu hii ninayoandikia inaingia ndani yake. Mlango wa Mama Furaha haufungi tena. Bobini ya uzi ikimponyoka hubingirika yenyewe mpaka ukutani, upande wa shimo, na watoto wamefanya kuwa mchezo. Wanashindana ya nani itafika kwanza. Mimi siwezi kuutazama mchezo huo.

Nilipiga picha kumi na tatu, kipande kwa kipande, kwa lenzi yangu ya kawaida, nikazichapa vizuri na kuzipeleka katika ofisi ya majengo. Karani ni mtu wa adabu, huniita Mwalimu kwa ile kazi yangu ya zamani. Alizipanga mezani kama karata, akazitazama kwa muda mrefu. Alisema kwamba shimo halionekani katika picha yoyote, wala hajui kama nyufa hizo ni za ukuta mmoja au za kumi. Kisha akatamka neno lililonikaa moyoni:

"Halafu, Mwalimu, ukuta wako umesimama wima kuliko wa ofisi hii."

Hata hivyo aliniahidi kwamba nikileta picha moja yenye ukuta mzima, toka paa hadi chini, pamoja na shimo, ataiweka juu ya meza ya mhandisi.

Picha hiyo lenzi yangu haiwezi. Katika ujia wa hatua mbili hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Nikaenda kwa Kato, muuza kamera zilizotumika, ambaye baba yake alikuwa askari, na yeye Kiswahili amekiokota kambini. Alinitolea lenzi mbili za aina wanayoiita jicho la samaki, inayotazama mbele, juu, chini na kando kwa wakati mmoja. Nikachagua ile ya milimita nane kwa sababu ilikuwa pana zaidi. Akatikisa kichwa.

"Jjajja, kamela yako ndani iko ndogo," akaniambia. "Hii ilitengenezwa ya kamela kubwa. Kwa yako itakata kichwa na miguu."

Jjajja ndilo neno lao la bibi. Sikumsahihisha Kiswahili chake, na kwa hilo pekee utajua hofu niliyokuwa nayo. Alinieleza kwamba kile kibao kinachopokea mwanga ndani ya kamera yangu ni kidogo, kama stempu, wakati cha kamera kubwa ni sawa na fremu ya filamu zile alizotumia marehemu shemeji yako. Lenzi ya nane hutupa duara, na duara hilo haliwezi kuenea katika kibao changu. Ya pili, ya milimita kumi, imeundwa kwa vibao vidogo, nayo hujaza picha mpaka pembeni. Kasoro yake ni kwamba kwenye kamera yangu haijilengi yenyewe, lazima uizungushe kwa mkono. Nilimwambia kwamba mkono wangu umefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Akanipa zote mbili nizijaribu mpaka Alhamisi, nikamwachia kamera ya marehemu iwe amana.

Kato alisema kweli. Ile ya nane ilinipa duara lililokatwa juu na chini, na palipokatwa juu ndipo ufa unapoanzia. Ile ya kumi ilichukua kila kitu: ukuta, paa, mabati, mdomo wa shimo kupitia pengo la mabati, hata ncha za viatu vyangu. Lakini kila mstari ulikuwa umepinda. Mama Furaha alichungulia kwenye kioo cha kamera akacheka.

"Mwalimu, hii nyumba umeilisha nini? Imevimba tumbo."

Nikacheka naye. Na nikuambie ukweli, Ramadhani, nilipata faraja. Nilijiambia kwamba kama lenzi inaweza kupinda hata nguzo ya umeme, basi huenda na macho yangu yananidanganya, na huenda ukuta hauna neno.

Nilimrudia Kato nikamlalamikia kwamba kwa picha iliyopinda hivi karani atanicheka. Akanifundisha jambo moja: katika jicho la samaki mstari unaopita katikati kabisa ya picha haupindi. Niweke kitu kilichonyooka pale katikati, na yeyote atakayeitazama picha atakuwa na cha kulinganishia.

Kitu kilichonyooka kuliko vyote ni timazi, ule uzi wa mwashi wenye uzito nchani, na hilo nililijifunza kwako ulipokuwa ukijenga nyumba ya baba. Jana saa nne nilimwomba Mama Furaha uzi mweusi, nikaufunga mkasi wake mzito kwenye ncha, na yeye akapanda kwenye kiti akaushikiza juu, pale kwenye kona ambapo ukuta unakutana na paa. Mkasi ukayumba, kisha ukatulia. Nilikuwa nimekwisha kuinua kamera. Nikaishusha.

Juu uzi uligusa ukuta. Chini, kati ya uzi na ukuta, kiganja changu kilipita bila kugusa upande wowote. Ukuta umeinama kuelekea shimoni, Ramadhani. Lenzi haikuwa na kosa.

Nilipiga picha, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimekwenda kuifanya. Kisha niliingia studio nikafungua kompyuta, nikazitafuta zile kumi na tatu za mwanzo. Wewe unanijua. Picha ikiwa imeinama siwezi kuichapa. Kila picha ninayopiga, kabla ya kuichapa, naizungusha kidogo mpaka ukuta au mlango usimame wima, halafu nakata pembeni. Mkono hufanya bila kuniuliza. Zile kumi na tatu zote nilikuwa nimezizungusha. Nilidhani ni mkono wangu ulioishika kamera vibaya. Katika zile za asili mabati ya jirani yamesimama sawasawa, na ukuta wetu ndio umelala. Nami niliunyoosha ukuta, mabati yakalala, nikayakata. Kwa hiyo katika faili la ofisi ile kuna ushahidi kwamba nyumba yetu iko salama, na shahidi ni mimi. Nikiipeleka picha mpya, itanibidi niseme kwamba za kwanza nilizigusa. Watauliza kwa nini waiamini hii. Lakini nitasema.

Mama Furaha nilimweleza jana hiyohiyo. Nilimwomba tuhame, yeye na watoto wake na mimi, kabla ya mvua kuongezeka. Hakuacha kushona.

"Mwalimu, mimi nilisha kimbia mara mbili," alisema. "Mara ya pili nilikuwa na Furaha mgongoni. Ukuta haina bunduki."

Nilisimama pale nikisikia udongo ukimomonyoka nje, kidogo kidogo, kama mtu anayemwaga mchele. Naye alikuwa akiusikia, kwa maana mguu wake ulisimama kwenye mashine. Baadaye alisema kwamba wazee wa kanisa lake wana chumba kule Luzira, upande mwingine wa mji, na kwamba atawauliza leo, ila hakuahidi kwamba atakwenda. Mimi naweza kuondoka sasa hivi. Siwezi kuondoka nikawaacha watoto wale na mchezo wao wa bobini.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha mbili, ya uzi na moja ya zile za mwanzo, kabla ya kunyooshwa. Wewe ni mwashi. Zitazame, uniambie bila kunibembeleza: ukuta wa matofali ya zamani uliofikia hapo husimama kwa muda gani? Mtume mwanao anipigie simu siku hiyohiyo barua itakapofika. Nitapokea, hata sauti ikiwa hivi ilivyo.

Nisalimie wifi yangu, na shangazi yetu Bi Tatu, mwambie kanga aliyoniletea naivaa. Msalimie mpwa wangu Hadija, na umwambie kwamba mwandiko wake umekuwa mzuri ila aache kuandika kwa kalamu nyekundu. Fundi Saidi, mwenzako wa kazi, naye mpe salamu; akusaidie kuzitazama picha.

Ile lenzi ya milimita nane nitamrudishia Kato Alhamisi. Hii ya kumi bado imo kwenye kamera, nayo kamera imening'inia shingoni ninapoandika, kwa sababu naogopa kuiacha chumbani. Mama Furaha atarudi kutoka kanisani mchana, na mara tutakapokuwa tumeamua nitakuandikia. Ukiona nyuma ya bahasha ijayo anwani nyingine, usishtuke. Furahi kabla hujaifungua.

Ni mimi dada yako, ninayekuombea,
Salma