Hodi Kwenye Chumba cha Watoto

Jumamosi, 12 Julai 2025
Matembezi ya kanisa. Basi mpaka jumba la kale la wazungu, ng'ambo ya Campbelltown — mazizi, bustani, leo kiingilio bure. Baridi kali. Balagizi mume wangu kabaki kantini na mtoto wetu Bénie. Anasema hakuja Australia kutazama vitanda vya marehemu. Haya. Nikapanda juu peke yangu.

Chumba cha watoto, mlango wazi, kamba imezuia. Neno likanitoka lenyewe: "Hodi." Nyumba ya watu huingii hivi hivi. Nikajicheka.

Ndani ikajibu: "Karibu, mama."

Sauti ya mtoto wa kiume. Nikachungulia. Kitanda, farasi wa mbao, pazia. Hakuna mtu. Nilishuka ngazi sijui vipi.

Jumapili, 13 Julai
Mahubiri hayakuniingia. Sauti ile naijua — Destin, mwanangu wa kwanza. Homa ilimchukua kwenye kambi ya wakimbizi Nyarugusu, kabla Bénie hajazaliwa. Tukapanda ndege, yeye akabaki kule mchangani. Nani anampalilia kaburi? Bénie hatujamwambia kitu. Baba yake hataki hata jina litajwe.

Nimemwambia Balagizi. Akaweka kijiko chini. Uchovu huo, akasema, punguza shifti. Halafu taratibu: usirudi kule. Tumebaki na mmoja, huyo ndiye umshike.

Jumatano, 16 Julai
Namwogesha bibi wa watu kazini, nyumba ya wazee, nasikia karibu mama. Nimepiga simu kule jumbani. Mzee Clifford, anayetembeza wageni, anasema chumba kile hakina redio wala spika. Akauliza kwa nini. Basi tu, nikamjibu.

Namtaka mwanangu. Hata sauti tu. Waniite kichaa.

Jumamosi, 19 Julai
Nimerudi. Balagizi yuko kazini, ghala la Minto. Bénie sikupata wa kumwachia. Nikamwambia: kaa hapa kwenye ngazi, usiguse kitu. "Okay, Mum." Huyu Kiswahili anakisikia chote, kujibu hajibu hata neno.

Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Kwetu ya tatu usipojibiwa unageuka, unaenda zako. Nikaogopa kuitamka. Nikageuka nimtazame Bénie — ngazi tupu.

Yuko ndani! Kapita chini ya kamba, kakaa ukingoni mwa kitanda, anapapasa blanketi kama mtu anayebembeleza. Toka, nikamwambia. Akaweka kidole mdomoni.

"Usipige kelele, mama. Kaka amelala."

Kwa Kiswahili. Kaka — nani kamwambia?

Naandika hapa mlangoni, sakafuni. Clifford anapiga kengele huko chini, wanafunga. Bénie hatoki. Anasema nisubiri mpaka kaka aamke. Midomo yake imeanza kuwa myeupe kwa baridi. Kamba ni nyembamba tu, ningenyoosha mkono nimtoe. Balagizi angeshamtoa.

Sijanyoosha. Nimekaa kimya, asije akaamka vibaya.