Pompe ya Cimpunda Inauma

Jumanne, 10 Oktoba 2023

Nimepewa kazi ya pompe. Mimi! Papa Gérard, président wa komite ya maji, alizunguka kwanza kwa mafundi wanaume wote wa Cimpunda. Wote wako occupés na kazi zao. Ndipo akakumbuka kuna mimi, Pascaline wa tournevis, fundi wa umeme. Anasema ni kazi kidogo tu, kuunga waya mbili. Zingekuwa mbili angeunga mwenyewe.

Mota itakaa chini bondeni, kwenye chemchemi, isukume maji mpaka tangi la juu. Tuache kupanda na bidon ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Shingo yangu inangoja hiyo siku kuliko shingo ya mtu yeyote.

Jumapili, siku ya Mungu, abbé wa parokia anakuja kubariki. Président ameshaanza hotuba. Mota bado iko ndani ya karton — hotuba iko ukurasa wa nne.

Jumatano, 11 Oktoba

Mota imefungwa juu ya béton, haitikisiki. Nimepigilia piquet ya shaba udongoni, nikaiunga na mwili wa mota kwa waya wa kijani na njano. Ndiyo terre: courant ya umeme ikitoroka, ikimbilie udongoni, isipitie mtu. Nimeweka na différentiel, inayokata yenyewe courant ikivuja.

Président akauliza huo waya wa terre unafanya kazi gani. Nikamwambia, kama yote iko sawa, haufanyi kitu. Akauangalia kwa huruma, kama mkwe asiyetafuta kazi.

Nikajaza pompe maji, nikawasha. Mota ikanguruma — tak! Différentiel imekata. Nikarudisha. Tak! Nimeenda kulala na hasira.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimefungua kisanduku cha waya cha mota. Maji! Joint ya mpira ya kifuniko hakuna. Kumbe mota ilinyeshewa nyuma ya dépôt ya bidhaa ya président, imefunikwa karton. Karton, kwa mvua ya Bukavu!

Nimepima: courant inavuja mpaka kwenye chuma. Ukigusa bomba, umegusa moto. Nikasema mota ing'olewe, iende kwa Ramazani, fundi wa mota kule Kadutu, aikaushe vizuri. Lakini Ramazani yuko Idjwi kwenye matanga, atarudi Jumatatu.

— Sasa abbé nitamuambia nini? président akalia.

— Abariki chemchemi. Yenyewe haina waya.

Mukewe, maman Godelive, alicheka mpaka akashika ukuta. Ninampenda yule mama. Président hakucheka.

Nimezima, nimekataza mtu kugusa. Kadenas, kufuli ya sanduku la umeme, ilikuwa ndani ya sakoshi yangu. Sikuifunga. Nilizani neno langu linatosha — kwa Gérard!

Jumapili, 15 Oktoba

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Tazama haya maandishi.

Baada ya misa tukashuka wote bondeni, chorale mbele. Kabla ya kufika nikasikia mota. Inanguruma vizuri kabisa.

Nikaona banderole ya kitambaa: KARIBU KWETU MONSIEUR L'ABBÉ. Imefungwa kwenye miti miwili kwa waya wa kijani na njano. Waya wangu wa terre! Nikatazama kwenye tableau, lile sanduku la umeme: mtu ameruka différentiel kwa kipande cha waya, courant inapita moja kwa moja. Na abbé, masikini, ananyunyizia mota maji ya baraka!

Programme ilisema président ndiye atafungua robinet ya bomba. Akarudi nyuma, akainama: "Honneur aux dames, wamama mbele." Godelive akavua viatu vyake vya misa visiingie matope. Akasogea, miguu mitupu, mkono mbele.

Nilikimbia. Nilipita katikati ya chorale, nikaangusha soprano mmoja, nikashusha disjoncteur kubwa, swichi ya umeme wote. Alléluia ikakatika pamoja na mota.

Kelele sasa! Eti nina wivu. Eti nina shetani. Président akapiga makelele: "Umenihaibisha mbele ya Kanisa!" Nikaeleza ya terre, ya différentiel — nani atasikia? Abbé peke yake alitazama kile kibakuli chake cha maji, kisha mota, akajifuta mikono taratibu kwenye kanzu.

Nimefunga kadenas. Ufunguo uko kifuani, ndani ya soutien yangu. Aje anayeweza.

Jumatatu, 16 Oktoba

Asubuhi wanawake wamepita mlangoni na bidon mgongoni. Hakuna aliyenisalimia. Ramazani amefika, amechukua mota. Alipoifungua alipiga mluzi tu.

Jioni hii, nani anabisha hodi? Président. Bila koti, mkono wa kuume mfukoni. Akautoa: vidole viwili vimeungua.

— Robinet iliniuma, akasema. Jumamosi, siku ya poshoo, nikijaribu na kile kipande cha waya. Ilinitupa chini.

— Ulijua?

— Nilizani inauma mara moja tu. Nilizani itakuwa imekwisha.

— Na "honneur aux dames"?

Akarudisha mkono mfukoni.

Anataka niseme kwa komite ni différentiel iliharibika yenyewe. Na Godelive asijue — tafazali, maman Pascaline, asijue. Nimemjibu: mimi sitasema uongo, na wewe ndiye utamuambia. Leo. Nikaingia jikoni kama naenda kuchemsha chai, kumbe ni kuandika haya, maana ningekaa pale ningemtupia kiti.

Nimempa kikombe, nikarudi huku jikoni. Hanywi. Anakoroga, anakoroga — na sukari sijamwekea.

Na sasa kuna mtu nje. Ni Godelive, anapiga mlango kwa ngumi:

— Pascaline! Toka! Bwana yangu hajakula tangu jana sababu yako! Mutu muzuri vile, ulimufanyia nini?

Kijiko kimenyamaza kule salon. Namtazama kutoka jikoni, na yeye anatazama mlango wa nje.