Yaliyompata Binti Yako

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo huko mgodini? Kile kifua kimepoa? Mimi mzima wa mwili tu.

Siku ile niliposema binti yako ana homa, nilikudanganya. Niliogopa. Sasa kaa chini usome.

Wiki mbili nzima alikunywa maji kama katoka jangwani, na chooni habanduki. Sketi yake ya shule niliibana kiunoni kwa mkono wangu, tukacheka kwamba anataka kuwa mwanamitindo. Fundi cherehani mzima mimi, vipimo vya watu ninavyo kichwani, nisione mtoto anakwisha!

Jumanne akaanza kutapika. Nikampa soda ya kumtia nguvu. Kesho yake alihema kama aliyepanda mlima, mdomo unanuka tunda lililoiva mno. Ndipo nikamkimbiza hospitali. Daktari akamtoboa kidole, akatazama kipimo mara mbili. Sukari. Akamwekea dripu na insulini.

Mchana akapata nafuu, hata akamtania nesi. Nikashukuru mapema. Saa kumi akanishika mkono: "Shangazi, kichwa kinapasuka." Punde akaniita mama, hanitambui tena. Nesi akammulika macho, akaona mboni moja kubwa kuliko mwenzake, akatoka mbio. Ubongo ulikuwa umevimba. Daktari alisema huwapata watoto na vijana wachache sukari ikishawazidi hivyo, hata wakiwa tayari kwenye matibabu.

Siku tisa hakufumbua macho.

Yuko nyumbani sasa. Sindano za sukari ni za maisha. Mkono wa kulia haushiki kijiko. Maneno anayo, ila yanachelewa, na akiharakishwa analia.

Nilimuuliza daktari kama ni ile soda. Akaniangalia, akasema, "Soda haikumsaidia, mama. Lakini kilichomponza zaidi ni kuchelewa." Shemeji yako alitaka twende hospitali tangu Jumanne, mimi ndiye niliyekataa. Ukigomba, nigombeze mimi.

Shemeji yako anakusalimu. Mama pia, kila asubuhi anamkanda mjukuu wake ule mkono, kidole kimoja kimoja. Mungu akufunike huko chini ya ardhi, akutoe salama.

Jumapili ijayo binti yako atakupigia mwenyewe. Utasikia kimya kirefu. Usidhani mtandao umekatika, wala usikate. Atakuwa anatafuta neno "baba".

Ni mimi dada yako,
nikupendaye, na ninayekuomba radhi.