Maelezo Kuhusu Kuchanwa kwa Muhuri wa Maabara ya Vinasaba

KITUO CHA POLISI CHA KATA, CẦN THƠ
Jina: Lâm Tố Nga. Umri: miaka 27. Kazi: msaidizi wa maabara ya bioinfomatiki (uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta), chuo kikuu. Makazi: chumba cha kupanga, Ninh Kiều.

Mimi ndiye niliyechana karatasi ya muhuri. Mjomba Sáu, mlinzi, asisumbuliwe.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Februari 2026, saa kumi jioni, maabara ilifungwa kwa ajili ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, kama kila mwaka. Umeme ulizimwa isipokuwa wa majokofu, kufuli likatiwa, karatasi yenye muhuri ikabandikwa mlangoni. Hatukujua kwamba Đàm Khánh Vy, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alikuwa amejificha ndani. Kompyuta yake ilikuwa bado inachambua vinasaba vya kamba wa kufugwa. Asipotuma matokeo kufikia Jumatatu, angekosa nafasi ya kuanza uzamili kabla ya kuhitimu, pamoja na ufadhili wake. Kamba wa baba yake wamekufa mabwawa yote, naye alishasema hamsomeshi tena.

Jumamosi saa nane mchana Vy alinipigia simu. "Dada Nga, waya unanuka. Ila usiwaambie wazime."

Nilikimbilia maabara. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango, na Mjomba Sáu amesimama hapo ameshika funguo.

"Mwanangu, muhuri huu unafunguliwa mbele ya wakubwa watatu! Wote wameshaenda kwao!"

"Mjomba, mtoto wa watu afie humo kwa ajili ya karatasi?"

Nilimwambia na mengine ambayo sitaki yaandikwe. Nikaichana. Akanipa funguo huku analia.

Vy alikuwa sakafuni, ameikumbatia kompyuta. Alikuwa ameunga waya kwenye umeme wa majokofu, na soketi ilikuwa inawaka.

"Dada, imebaki kidogo tu. Nakuomba. Usichomoe."

Nilichomoa. Kazi ya wiki tatu ikapotea mkononi mwangu.

Hospitalini aliuliza kitu kimoja: "Ilimaliza?"

Nikamjibu, "Ilimaliza, mdogo wangu. Nimeshatuma." Akatabasamu, akafumba macho.

Haikumaliza. Sijatuma chochote, na sijui nitamtazama vipi. Namwomba afisa asimwambie mpaka kifua chake kipone. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: Lâm Tố Nga

Maoni ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Kwa ajili ya jalada tu: Đàm Khánh Vy alihojiwa wodini leo asubuhi. Alisema aliiona skrini ikizimika. Ameomba Dada Nga aachwe aamini kwamba yeye Vy hajui.